The Elder Scrolls VI: mnategemea nini humo ndani? Mi nataka mwezi ufanye kazi

MwishoWaReli (Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Najua humu ukisema gemu watu wanajua mpira, ila wale wachache wa RPG, gemu za kuigiza mhusika, sogeeni tuongee kidogo.

The Elder Scrolls VI (TES VI), gemu ya Bethesda itakayofuata baada ya Skyrim, ilitangazwa Juni 2018, katrela kafupi hata dakika hakafiki, milima, ukanda wa bahari, jina likatokea, basi kwaherini. Tangu hapo tunaishi kwa maneno tu, Agosti 2023 Bethesda wakasema wameingia hatua za mwanzo za kuitengeneza, Machi 2024 wakati wanasherehekea miaka 30 ya hizi gemu wakasema wao wenyewe wameshaanza kuchezacheza matoleo ya awali. Skyrim ilitoka 11 Novemba 2011, kuna madogo wanaicheza leo na wao na gemu nani mkubwa haijulikani. Kwa hiyo tarehe msiniulize, sina.

Swali langu ni lingine. Ikitoka, mnategemea iwe na NINI? Na tafadhali mtu asije hapa na "ramani kubwa". Daggerfall, gemu ya zamani ya mfululizo huu huu, ya 1996, ilikuwa na ramani ya kama kilomita za mraba 160,000, chukua mkoa wetu wa Kigoma pamoja na maji yake, jumlisha Tabora yote, bado hujaifikia, na humo ndani sasa, vijiji vimepangwa na kompyuta yenyewe, ukiingia kimoja umeingia vyote. Skyrim ni kama kilomita 37 tu za mraba na watu wanaijua jiwe kwa jiwe. Ukubwa tuuache.

Hoja yangu ni hii. Ile dunia ina miezi miwili, Masser na Secunda, ukiangalia juu usiku unaiona inajaa na kupungua kabisa. Na inafanya kazi gani? Hamna, ni pambo. Sasa mi nimekulia Kibirizi, huku mwezi ndo bosi wa watu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanaifuata taa juu wanakutana na wavu, mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi tena, watu wanakaa pwani wanashona nyavu, sokoni bei inapanda, mama ntilie anapunguza mboga kwenye sahani, mwenye madeni anaanza kupita njia za uani. Kitu kiko huko juu kinasukuma mji mzima. Skyrim samaki bei yake haijui mwezi mchanga wala mwezi mpevu, na huo uvuvi wenyewe wa ndoano waliuleta Novemba 2021, miaka kumi baada ya gemu kutoka!

Na trela imeonyesha ufukwe. Wengi wanabashiri Hammerfell, moja ya nchi za dunia ile, wengine Hammerfell na High Rock kwa pamoja maana zinatazamana kwenye ghuba moja ya Iliac. Kama ni huko basi kuna bandari na kuna wavuvi. Nataka mwezi ufanye kazi. Nyie je?

Mzee_wa_Padi

Nimeweka kambi hapa. Ngoja wenye kompyuta waje.

AsaliYaMiombo (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Mleta uzi nakazia, na nakuletea ushahidi wa upande wetu huku Unyanyembe.

Skyrim kuna misheni ya wale wezi wa Riften, unatumwa Goldenglow, shamba la nyuki liko kisiwani pale jirani na mji, uchome mizinga mitatu, mitatu tu, mingine uiache, halafu ufungue sefu uchukue karatasi. Kwa nini mitatu tu? Kwa sababu asali ya pale ndo inayokwenda kwenye kiwanda cha pombe cha Maven Black-Briar, na yule mama ndo anawalinda wezi, kwa hiyo wanataka mwenye shamba apate adabu lakini mzigo usikatike. Aisee aliyeandika ile misheni anajua biashara. Mtu yeyote wa Sikonge au Urambo aliyewahi kugombana na mnunuzi wa asali anaielewa bila kuelezwa.

Sasa nikachoma. Nikarudi mjini nikaingia baa, pombe ya asali bei ile ile. Nikasubiri, nikalala siku kadhaa za kwenye gemu, bei ile ile, chupa zimejaa mezani. Yaani hadithi inasema asali ndo uhai wa huu mji, na mji wenyewe hauna habari. Huku kwetu moto ukipita porini kabla watu hawajarina, siku hiyo hiyo bei imefika stendi.

Na mimi naongeza: misafara. Skyrim kuna wale paka, Khajiit, wanazunguka na mahema yao wanalala nje ya ukuta, mjini hawaruhusiwi. Wazo zuri sana halafu likaachwa pale pale. Wewe Kigoma na mimi Tabora tuko kwenye ile njia ya zamani ya misafara ya kutoka pwani, Bagamoyo hadi hapa kwetu, kisha Ujiji. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe njia ya Ujiji ikafungwa, Stanley mwenye bendera yake na bunduki zake ikabidi azungukie kusini ndo amkute Livingstone. Mtemi mmoja kafunga njia, biashara ya kutoka ziwani mpaka pwani inayumba! Nipeni gemu naweza kufanya hivyo. Nikamate njia ya jangwani kule Hammerfell, nitoze ushuru, bei ya chumvi ipande mji wa pili, mfalme atume askari, au atume mtu wa kunibembeleza. Hiyo ndo RPG.

Vumbi_la_Isevya

Hahaha nyie mnataka gemu au mnataka Wizara ya Mifugo na Uvuvi?

Mi natoka kazini nimechoka na bei za vitu, niwashe gemu nikute bei za vitu tena?? Kaeni na dagaa wenu. Mi nataka UCHAWI urudi. Nyie mlioanzia Skyrim hamjui mlichonyimwa. Morrowind ya 2002 ulikuwa unapaa. Siyo kuruka juu kidogo, unapaa, unapita juu ya ukuta unaingia dirishani, kule kwa wachawi wa Telvanni wanaishi kwenye minara ya uyoga na ndani hamna ngazi, kama huwezi kupaa huingii, ndo salamu yao hiyo. Na ulikuwa unajitengenezea uchawi wako mwenyewe, unachanganya, moto pamoja na kupooza pamoja na kumshusha mtu nguvu, unaupa jina, unalipa, unaondoka nao. Oblivion ya 2006 kupaa wakakutoa, kutengeneza uchawi kukabaki. Skyrim na kutengeneza uchawi wakakufuta, na zile namba za nguvu na akili na bahati wakazifuta, ukabaki na vitu vitatu, uhai, uchawi, pumzi.

Na kupaa wamekutoa kwa nini? Siyo kwamba hawapendi. Oblivion miji mikubwa iliwekwa kwenye chumba chake, unagusa geti, inalodi, unaingia. Ukiwa nje unachokiona cha mji ni ganda. Sasa wewe upae upite juu ya ukuta ukute nini? Konsoli za wakati ule Xbox 360 ilikuwa na ramu ya megabaiti 512, simu ya mkononi ya mdogo wako leo inaizidi mara kadhaa. Sababu ile imeshakufa. Kwa hiyo mi nategemea miji isiyo na geti la kulodi, na kupaa kurudi. Hayo mengine ya mwezi wekeni kwenye modi, zile nyongeza za mashabiki.

MwishoWaReli (Kigoma)

@Vumbi_la_Isevya umenichekesha ila umenisaidia pia. Unasema sababu imekufa. Starfield, gemu ya anga za juu, ilitoka Septemba 2023, hao hao Bethesda, kwa injini yao mpya, Creation Engine 2, na kwenye PC walidai lazima uwe na SSD, diski ya kasi. Bado skrini za kulodi kila mlango. Unaingia chombo, inalodi, unatoka, inalodi. Sasa mi sioni kwa nini tuamini kwamba safari hii watavunja mageti.

Alafu hujanielewa, sijasema nataka kuuza dagaa. Nataka nikiiba, nikiua, nikichoma, kitu kisogee.

Vumbi_la_Isevya

Starfield ilikuwa na sayari zaidi ya 1000 mkuu, unategemea nini. Hii ni nchi moja au mbili. Wakishindwa na hapa basi tena.

Binti_Ujiji

Nyie wawili mnagombania kitu kimoja, kimoja anakiita bei mwingine anakiita kupaa, wote mnataka dunia ikujibu ukiigusa. Oblivion ndo walianza zile ratiba, watu wa ndani wanaamka, wanakwenda shambani, wanakula, jioni baa, wanalala, na walijigamba nazo kweli. Lakini ratiba bila sababu ni saa ya ukutani tu, yule muuza nyama anafungua duka saa mbili hata kama mazimwi yamechoma nusu ya kijiji jana. Hapo ndo pa kufanyia kazi, siyo majani yawe mazuri zaidi. Majani ya Skyrim yananitosha.

Sasa yangu mimi: MELI. Kaka hapo juu umeongea ufukwe ukaishia wavuvi, umenisikitisha mtu wa Kigoma. Kwenye Skyrim meli zipo bandarini Solitude na Windhelm, mbili tatu unaziingia kwa ajili ya misheni, hazisogei. Daggerfall uliweza kununua meli, sema ilikuwa ya kukupunguzia gharama za safari za majini na pa kulala, usukani hushiki. Ila angalieni Starfield tena, pamoja na ubaya wake wote mnaousema, kile kitengo cha kuunda chombo chako kipande kwa kipande, injini hii, vyumba vile, wafanyakazi unawaajiri na kila mmoja ana kazi yake, kile walikipatia. Hao wameshajifunza kutengeneza chombo chenye watu ndani kinachokuwa cha kwako. Toa roketi weka tanga. Nitashangaa sana kama wamepiga kazi yote ile halafu gemu ya pwani tuwe tunapanda farasi pembeni ya maji.

Na chini ya maji pia. Skyrim ukiwa ndani ya maji huwezi kupigana, silaha inarudi yenyewe, samaki wauaji wanakutafuna unawaangalia. Argonian, lile kabila la watu mijusi, wamepewa uwezo wa kupumua majini na huko chini hakuna cha maana cha kuwapeleka. Mimi naishi pembeni ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, mtu akinichorea maji matupu ya kuogea miguu namjua hapo hapo.

Misheni ninayoitaka mimi ipo bandarini kwetu hapa. Meli ya Wajerumani, iliingizwa majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe wakati wanakimbia, ila kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nzito ili siku moja waje kuichukua. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nipeni hiyo! Unasikia uvumi baa, unatafuta mzee aliyekuwepo, unatafuta watu wa kupiga mbizi, unaiibua, unakuta injini nzima, meli inakuwa ya kwako. Hata zimwi halihitajiki.

AsaliYaMiombo (Tabora)

Dada hapo kwenye grisi umemaliza. Naacha misafara yangu naja kuwa baharia wako.

Mzee_wa_Padi

Sasa wakuu sisi wa PlayStation (PS) tunakula nini? Nasikia Microsoft waliinunua hiyo kampuni yote.

MwishoWaReli (Kigoma)

Ndo hivyo mzee. Walitangaza 2020 kwa dola bilioni 7.5, dili likafungwa Machi 2021. Na ile kesi yao na serikali ya Marekani ya 2023, kuna nyaraka zilivuja zikaonyesha TES VI ni ya Xbox na PC, mwaka 2026 au baadaye. Ila usikate tamaa, tangu hapo upepo umegeuka. Aprili 2025 walipoiachia ghafla Oblivion iliyofanyiwa ukarabati, ilitoka siku moja Xbox, PC na PS5. Mtu anayetaka hela yako hawezi kukufungia mlango milele. Mi naona itafika PS, labda kwa kuchelewa.

Roho_ya_Tembe (Tabora)

Mi nawaangalia tu mnavyosubiri gemu yenye trela moja ya 2018. The Witcher 4, RPG nyingine, ilionyeshwa Desemba 2024, unamchezea Ciri safari hii, Geralt wa zile za nyuma kapumzika, na Juni 2025 wakaonyesha kionjo cha ufundi kinakimbia kwenye PS5 ya kawaida, mji wa bandari, soko limejaa watu, mtu anamgonga mwenzake matunda yanamwagika wanaanza kugombana. Tembe lote hilo mnalolijenga hapa jamaa wa Poland wanalijenga kweli. Haitoki kabla ya 2027 lakini angalau wanaonyesha kazi. Mzee_wa_Padi njoo huku.

Vumbi_la_Isevya

Kionjo ni kionjo. Cyberpunk 2077 ya hao hao jamaa wa Poland nayo vionjo vyake vilikuwa vitamu, ikatoka Desemba 2020, Sony wakaiondoa dukani kwao kabla mwezi haujaisha. Waliirekebisha baadaye nakubali, leo ni gemu nzuri. Lakini mimi kionjo hakinipeleki benki.

Na Witcher unamchezea mtu ambaye tayari ana jina na ukoo. TES unaanza mfungwa, hujulikani, unachagua kabila kati ya kumi, unachagua sura, mwisho unakuwa mchawi wa kijani mwenye mkia. Ni vitu viwili tofauti kabisa, anayevilinganisha hajacheza kimojawapo.

Binti_Ujiji

Kuna kitu kimoja kinanitisha hamjakigusa. Duka. Hawa ndo walituuzia deraya ya farasi 2006, dola mbili na nusu, dunia nzima ikawacheka, leo kila gemu inafanya hivyo tena kwa bei kubwa zaidi. Meli yangu nitaipata halafu tanga zuri liwe la kulipia? Wakileta hivyo mimi nabaki na ya zamani.

Ila mwaka 2025 walifanya jambo zuri, walipiga mnada nafasi ya kutengeneza mhusika atakayekuwepo ndani ya TES VI, hela inakwenda Make-A-Wish, wale wanaotimizia ndoto watoto wagonjwa. Ikafika zaidi ya dola 85,000. Kwa hiyo kuna mtu tayari yumo ndani ya gemu na sisi hata jina la nchi hatujaambiwa.

Mzee_wa_Padi

Dola 85,000 unakuwa muuza viazi wa kijijini halafu Vumbi anapita anakuchoma moto ajaribu uchawi wake mpya 😂😂

Vumbi_la_Isevya

Nitamchoma wa kwanza.

mwanafunzi_kitete

Samahanini wakubwa zangu shikamooni, mimi nina laptopu ya zamani ramu 4 haina kadi ya grafiki, hii TES VI nitaweza? Na kama siwezi nianze na ipi kwa sasa, bando langu la kuunga unga.

AsaliYaMiombo (Tabora)

Marahaba mdogo wangu. TES VI sahau kwa hiyo mashine, Starfield tu ilitaka gigabaiti 125 za SSD kabla hata hujaanza. Lakini Skyrim ile ya mwanzo, ya 2011, siyo Special Edition ya 2016, ilikuwa inadai ramu 2 na nafasi gigabaiti 6 basi. Kadi ndo itakusumbua kidogo, shusha kila kitu chini, vivuli vya kwanza kabisa. Ikipata moto iweke juu ya kitu kigumu, usiilaze kitandani. Na Morrowind itacheza bila shida yoyote, sema utaandika mwenyewe kwenye daftari unakwenda wapi, hamna mshale wa kukuonyesha njia, watu wanakwambia "pita mto, kata kushoto kwenye mawe mawili".

Bando usiungue. Ulizia mtu mwenye mafaili akunakilie kwenye flashi, gemu yenyewe nunua yakishuka bei, huwa yanashuka sana.

Binti_Ujiji

Mdogo wangu kama upo Skyrim ya PC nina kazi na wewe. Maandishi yote ya ile gemu yamewekwa kwenye mafaili ya pembeni, siyo ndani ya injini, na Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ya ziada, kwa hiyo kinaingia bila kugusa fonti. Mazungumzo ni zaidi ya mistari 60,000, hayo mtu mmoja hawezi na siyataki kwanza. Nimeanza na vyakula, silaha na majina ya dawa. Nataka watu wa kuchukua vitabu vile vifupi vya ndani ya gemu, kimoja kimoja. Anayetaka aje inbox aniambie anapenda hadithi za aina gani, nitampa cha kuanzia.

Roho_ya_Tembe (Tabora)

Nipe vya mapishi na vya uongo wa wasafiri. Witcher wangu bado yuko mbali.